Damu yako kwenye utafiti wa tiba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeombwa damu ya utafiti, mzazi aliyeombewa mtoto wake, na yeyote anayetaka kujua damu hiyo huenda wapi ikishatoka mkononi. Mifano mingi ni ya Tanzania, Kenya na Uganda. Ya nchi nyingine imeingizwa pale ilipobadilisha tiba au sheria.

## Mambo ya msingi

1. Damu ya utafiti ina tofauti gani na damu ya kipimo au ya kuchangia?

Damu ya kipimo hutolewa kwa ajili yako, na majibu yake ni yako. Ya kuchangia humwendea mgonjwa mwingine. Ya utafiti hutolewa ili kujibu swali ambalo jibu lake bado halijulikani, na mara nyingi wewe mwenyewe hutafaidika nayo moja kwa moja. Malalamiko mengi huanzia hapa: mtu ametolewa damu kliniki, akadhani ni kipimo chake, akasubiri majibu yasiyokuja. Kabla ya kunyoosha mkono uliza kama ni ya matibabu yako au ya utafiti. Ukiambiwa ni vyote viwili, uliza chupa ipi ni ya nini.

2. Watachukua kiasi gani? Haitaniishia?

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu. Tafiti nyingi huchukua mililita 5 hadi 20 kwa ziara moja, yaani kijiko kimoja hadi vinne vya chai. Chupa ya kuchangia damu ni mililita 450, na anayechangia hutakiwa awe na kilo 50 au zaidi.

Kwa watoto hesabu ni nyeti zaidi. Kanuni za Marekani, zinazofuatwa na miradi mingi inayofadhiliwa kutoka huko, huruhusu mtoto au mgonjwa atolewe mililita 50 au mililita 3 kwa kila kilo ya uzito, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, kwa muda wa wiki 8. Mtoto wa kilo 10 basi hazidi mililita 30. Mapendekezo ya Ulaya ni makali zaidi: asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja na asilimia 3 kwa wiki 4. Mtoto huyo huyo ana damu kama mililita 800, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 8 kwa siku moja na 24 kwa mwezi.

Mzazi akumbuke jambo moja: mwili wa mtoto hautofautishi damu ya utafiti na ya vipimo vya kawaida. Kama amelazwa na hutolewa damu kila asubuhi, mwambie mtafiti ajumlishe zote. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu hana akiba ya kuchezea.

3. Kwa nini chupa nyingi, tena zenye vifuniko vya rangi tofauti?

Kila rangi inaonyesha kilichomo ndani. Ya zambarau ina EDTA, inayofunga kalisi ili damu isigande. Hutumika kuhesabu chembe na kutoa vinasaba (DNA). Nyekundu haina kizuizi cha kuganda: damu huachwa igande kwa dakika 30 hivi, kisha huzungushwa kwenye mashine ili seramu, yaani maji ya damu, ijitenge. Ya bluu ina sitrati, na lazima ijae hadi kwenye mstari, kwa sababu uwiano ni sehemu moja ya sitrati kwa tisa za damu. Ikipungua, kipimo cha kuganda kitadanganya. Ya kijani ina heparini, na hupendwa na wanaotaka seli zikiwa hai. Ya kijivu ina floridi ya kuzuia seli zisiendelee kula sukari, kwani kwenye damu isiyotenganishwa sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Mpangilio wa kujaza nao una sababu: bluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. EDTA ya chupa ya zambarau huwa na potasiamu. Tone lake likiingia kwenye chupa nyekundu, potasiamu itaonekana iko juu na kalisi chini, na mtu mzima wa afya ataitwa hospitali kwa ugonjwa asio nao.

4. Mbona nimeitwa kutolewa damu mara ya pili?

Mara nyingi ni kwa sababu chembe nyekundu zimepasuka. Hutokea sindano ikiwa nyembamba mno, mtoaji akivuta bomba kwa nguvu, mkono ukifungwa mpira kwa zaidi ya dakika moja, au chupa ikitikiswa badala ya kugeuzwa taratibu mara 8 hadi 10. Chembe zikipasuka, potasiamu iliyomo ndani humwagika na majibu huharibika. Chupa ya zambarau isipogeuzwa kabisa, damu huganda humo na hesabu ya chembe haiwezekani.

Kuchelewa ni tatizo jingine. Seramu inafaa itenganishwe ndani ya saa 2, na sampuli za muda mrefu hukaa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika bila jenereta, zikayeyuka na kuganda tena, vitu vingi humo havipimiki tena. Ndiyo maana miradi ya vijijini hupenda matone ya damu kwenye karatasi maalumu: hukaushwa kivulini kwa saa 3 au zaidi, hufungwa na vidonge vya kunyonya unyevu, na husafiri bila barafu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga kimetegemea sana karatasi hizo.

Una haki ya kuambiwa kosa lilikuwa nini, na una haki ya kukataa sindano ya pili.

5. Naweza kutoa damu nikiwa nimefunga Ramadhani?

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kutoka damu hakubatilishi swaumu. Wafuasi wa Hanbali wana msimamo mwingine kuhusu kuumikwa, basi wamuulize sheikh wao. Kwa upande wa maabara, mwambie mtoaji saa uliyokula daku, kwa sababu sukari na mafuta ya damu hubadilika. Ikiwa kinachotakiwa ni mililita nyingi, omba upangiwe siku baada ya Ramadhani.

## Kilichogunduliwa

6. Damu ya watu wa kawaida imewahi kuleta ugunduzi gani mkubwa?

Makundi ya damu yenyewe. Mwaka 1901 huko Vienna, Karl Landsteiner alichanganya seramu na chembe za damu yake na za wenzake wa maabara, akaona nyingine zinashikamana na nyingine hazishikamani. Kabla ya hapo kumwongezea mtu damu ilikuwa bahati nasibu.

Homa ya ini aina ya B ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Baruch Blumberg alikuwa akilinganisha seramu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Ya Mwaborijini (mwenyeji wa asili) mmoja wa Australia ikaitikiana na ya mgonjwa wa New York aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi. Alitangaza matokeo mwaka 1965, na baadaye ikajulikana kwamba alichokiona ni sehemu ya kirusi. Chanjo ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 1981, ilitengenezwa kutokana na plazima (maji ya damu isiyoganda) ya watu wenye kirusi hicho. Leo chanjo ya ugonjwa huo, iliyotengenezwa kwa njia nyingine, imo ndani ya sindano ya wiki ya 6, 10 na 14 wanayopata watoto wetu.

Na ipo sampuli ya Kinshasa. Mwaka 1959, mji ukiitwa bado Léopoldville, mwanamume mmoja alitolewa damu kwa madhumuni mengine kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha ilikuwa na VVU, na ukasaidia kukadiria kwamba kirusi kilianza kuenea kwa binadamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hajulikani ni nani. Hakuulizwa, wala hakuna ambaye angeweza kumuuliza juu ya ugonjwa ambao haukuwa na jina. Swali la 13 linatokana na hali kama hii.

7. Afrika Mashariki imechangia nini?

Kikubwa ni uhusiano wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache nyanda za juu zenye baridi. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1954, kati ya watoto 43 wa Buganda wenye kinasaba hicho, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nacho, walikuwa 113. Kurithi kinasaba kimoja kunakinga. Kurithi viwili, kwa baba na kwa mama, ndiyo ugonjwa.

Allison hakuishia hapo. Aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa jamii ya Waluo. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nacho, 2 tu. Walitibiwa baadaye, na ripoti inawaita watu waliojitolea. Ni sayansi iliyosimama hadi leo, lakini hakukuwa na kamati huru iliyouliza waliambiwa nini na kwa lugha gani. Kamati ya leo isingepitisha mpango huo bila majibu ya maswali hayo.

Za karibuni ni mbili. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kwamba dawa ya hydroxyurea inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wenye selimundu. Kabla yake madaktari wengi waliogopa kuitumia mahali penye malaria. Na TRACT, nchini Uganda na Malawi, ulilinganisha mililita 20 na 30 za damu kwa kila kilo kwa watoto wenye upungufu mkubwa. Wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa. Wenye homa walidhurika nacho. Kipimajoto kinaweza kuamua damu kiasi gani itundikwe.

## Ridhaa

8. Fomu ya ridhaa inapaswa kusema nini?

Lengo la utafiti kwa maneno unayoelewa. Mililita ngapi na mara ngapi. Hatari (kwa kawaida maumivu, uvimbe wa bluu, kizunguzungu, mara chache maambukizi). Kama vinasaba vitachunguzwa. Itahifadhiwa miaka mingapi na wapi. Kama itatoka nje ya nchi. Kama utapewa majibu. Na namba mbili za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Namba ya pili ndiyo inayosahaulika. Nakala moja ni yako, ondoka nayo.

Tunasisitiza kifungu cha hifadhi kuliko kingine chochote. Sindano humalizika kwa dakika mbili, ila friza hudumu miaka, na mengi yaliyoharibika katika historia ya utafiti wa damu yaliharibika baada ya mshiriki kurudi nyumbani.

9. Nani anathibitisha kwamba utafiti ni halali?

Tanzania Bara, kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na kamati iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) hutoa kibali cha kufanya utafiti. Zanzibar ina kamati yake. Kenya, kamati ya maadili lazima iwe imetambuliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo pia hutoa leseni. Uganda, msimamizi ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Majaribio ya dawa huhitaji pia idhini ya mamlaka ya dawa. Omba namba ya kibali na tarehe ya kuisha kwake, maana vibali huisha na huhuishwa.

10. Sijui kusoma. Na mwenyekiti wa kijiji ameshakubali kwa niaba yetu.

Fomu isomwe yote mbele ya shahidi unayemwamini asiye mfanyakazi wa mradi, kisha wewe uweke dole gumba na yeye asaini. Mwenyekiti anaweza kuruhusu watafiti waingie kijijini; hawezi kutoa mkono wako. Mume vilevile anaweza kushauriana na mkewe, lakini mwenye kukubali ni mtu mzima anayetolewa damu. Mtoto hukubaliwa na mzazi au mlezi, na akiwa na umri wa kuelewa naye huulizwa. Akikataa, mtafiti mwema haendelei.

11. Nikibadili mawazo?

Unajitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na huduma yako hospitalini haiguswi. Sampuli iliyobaki unaweza kuomba iharibiwe. Kisichowezekana ni kuondoa majibu yaliyokwisha kuingizwa kwenye hesabu, au kuitafuta chupa iliyokwisha kutenganishwa kabisa na jina lako. Uliza mapema kama sampuli itabaki na namba inayoweza kufuatiliwa (swali la 16).

12. Je, nitalipwa?

Utarudishiwa nauli na kufidiwa muda wako, kwa kiwango ambacho kamati imekipitisha. Hulipwi kwa mililita. Fedha ikiwa nyingi mno, mwenye shida atashindwa kukataa. Ikiwa kidogo mno, maskini ndiye anayegharamia utafiti. Kamati nyingine huogopa la kwanza kupita kiasi. Mama aliyefunga genge siku nzima ili aje kliniki amepoteza kipato, na kumpa soda na nauli peke yake si haki.

## Baada ya sindano

13. Wanaweza kutumia damu yangu kwa utafiti mwingine?

Inategemea ulichokubali. Fomu nyingi hutoa chaguo tatu: utafiti huu tu, utafiti wa ugonjwa huu huu baadaye, au utafiti wowote utakaopitishwa na kamati. Weka alama unayotaka, usiache mtu akujazie.

Kesi inayotajwa sana ni ya Wahavasupai, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, waliokuwa wakiteswa na kisukari. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa chuo kikuu cha jimbo wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Mwaka 2003 wakagundua imetumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuoana kwa ndugu, na mababu zao walihamia kutoka wapi, jambo lililopingana na simulizi za asili yao wenyewe. Mwaka 2010 chuo kikalipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha damu. Hakuna aliyeumizwa mkono. Walichonyang'anywa ni uamuzi wao, na aibu ikawaangukia hata wale ambao hawakutoa tone.

14. Kwa nini damu yetu inapelekwa nje, na je, inauzwa?

Sababu halali ni mashine au ujuzi ambao haupo hapa. Lazima uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli, unaotaja idadi, kazi itakayofanywa na nini kitafanyika kwa mabaki. Swali zuri la kuwauliza ni nani hapa nchini atafundishwa kufanya kipimo hicho ili safari ijayo damu isipande ndege. Mradi wa miaka kumi usio na jibu una kasoro.

Hofu ya mumiani ni ya zamani. Wakati wa ukoloni, Nairobi na Kampala, watu waliamini kwamba wazimamoto huteka watu na kuwanyonya damu, na haikuwa ajabu kwa jamii iliyochukuliwa ardhi na nguvu kazi bila kuulizwa. Mtafiti asiicheke hofu hiyo. Aonyeshe maabara, na aeleze kwamba chupa ya utafiti haiwezi kumwongezea mtu damu: ni ndogo mno, imechanganywa na kemikali, na haikupimwa kwa ajili hiyo.

15. Wakitengeneza dawa na kutajirika, nitapata nini?

Kwa sheria, mara nyingi hupati kitu. Mfano ni John Moore, mgonjwa wa saratani ya damu aliyetolewa wengu huko Los Angeles mwaka 1976. Daktari wake akapata hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi) ya seli zilizotokana nao. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba seli zile hazikuwa mali yake, ila daktari alipaswa kumwambia maslahi yake ya utafiti na fedha.

Nairobi, wanawake wa mtaa wa Majengo wanaofanya biashara ya ngono wametoa damu tangu miaka ya 1980, na baadhi yao walionekana kutoambukizwa VVU licha ya kukutana navyo mara nyingi. Damu hiyo ilichochea jaribio la chanjo, na ukazuka mzozo kwa sababu wanasayansi wa Kenya hawakuwamo kwenye hataza. Wanasayansi walipata wa kuwasemea. Wanawake wenyewe walipata kliniki na matibabu, jambo la maana, lakini kwenye mzozo wa umiliki sauti yao haikusikika.

Tazama pia selimundu. Kwamba himoglobini ya kichanga (aina ambayo mtoto huzaliwa nayo kwenye chembe nyekundu) hukinga wagonjwa ilijulikana kwa kuchunguza damu ya familia mbalimbali, zikiwamo za Uganda miaka ya 1950. Ujuzi huo ndio msingi wa Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Hakuna hospitali ya wilaya itakayoinunua. Makubaliano ya bei kwa nchi zilizotoa damu yanapaswa kuandikwa kabla ya sindano ya kwanza. Baadaye hakuna anayelazimika kusikiliza.

16. Jina langu litajulikana?

Chupa hubandikwa namba, na daftari linalounganisha namba na jina hufungiwa mahali pengine. Kwa vinasaba ulinzi huo una mwisho: mfuatano mzima wa vinasaba vyako haufanani na wa mtu mwingine, na hufichua pia habari za nduguzo. Ukiambiwa "hutajulikana kamwe", umeahidiwa kisichowezekana.

## Hali ngumu

17. Wakigundua nina ugonjwa, au mtoto si wa baba anayemlea?

Ugonjwa unaotibika, kama VVU au kaswende, uambiwe kwa faragha na upelekwe kwenye matibabu, si kupewa karatasi tu. Suala la baba ni tofauti. Kupima selimundu familia nzima kunaweza kulifichua bila mtu kukusudia. Utaratibu wa kawaida ni kutolisema, na fomu iseme hivyo mapema. Mwenye wasiwasi anaweza kukubali apimwe mtoto peke yake.

18. Mtoto aliletwa hana fahamu. Inakuwaje aingizwe kwenye utafiti kabla sijaelewa?

Kamati huruhusu kwa nadra, pale ambapo dakika chache ni uhai: mzazi huombwa kukubali kwa mdomo, na maelezo kamili hufuata hali ikitulia. Utafiti wa FEAST, wa Kenya, Tanzania na Uganda, ulifanya hivyo kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika saa 48 walikufa karibu 11 kwa kila 100 waliomiminiwa maji ya mshipa kwa haraka, na 7 kwa kila 100 ambao hawakumiminiwa. Kumimina ndiko kulikopendekezwa na miongozo ya wakati huo. Bila utafiti, vifo hivyo vingeendelea bila mtu kuvihesabu. Lakini mzazi ambaye mtoto amefariki kabla ya maelezo kamili bado anadaiwa mazungumzo, si saini.

19. Daktari anayenitibu ndiye mtafiti. Nifanye nini?

Omba mtu mwingine akueleze fomu. Nchini Uingereza, kwenye shule ya Treloar's, wavulana wenye ugonjwa wa damu kutoganda walitibiwa na madaktari ambao pia walikuwa wakiwafanyia utafiti, mara nyingi bila wazazi kuambiwa. Dawa waliyopewa ilitokana na plazima ya maelfu ya watu na ilibeba VVU na homa ya ini. Ripoti ya uchunguzi rasmi ulioongozwa na jaji Brian Langstaff, ya Mei 2024, ilieleza kwamba kati ya wanafunzi 122 wa miaka ya 1970 hadi 1987, walio hai ni kama 30.

Muulize daktari maswali mawili: ungenipa matibabu gani kama utafiti huu usingekuwepo, na kila chupa unayochukua leo ni ya nani? Ukikataa utafiti, dawa zako za kawaida lazima ziendelee vilevile. Zikisimamishwa, piga ile namba ya kamati ya maadili iliyo kwenye fomu, si ya mradi.